Watazamaji 3,400, Lakini Nani Alikuwepo?

Wasee, leo hakuna vichekesho. Kaeni kidogo.

Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, kazi yangu ni simu na kistendi. Juzi nikaombwa kurusha laivu mkutano wa wakazi hapa Dagahaley kuhusu Mpango wa Shirika, ule serikali ilizindua Machi 2025 ili kambi za Dadaab na Kakuma ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Hayo ni maisha yetu, si stori za kupitisha muda.

Mkutano ukaisha, Facebook ikaniambia watazamaji 3,400. Nikapiga picha ya skrini, nikaweka stetasi. Waandaaji nao wakaandika kwenye ripoti: watu 3,400 walishiriki.

Usiku nikafungua takwimu zenyewe. Kwa wastani, mtu alitazama sekunde 19. Tulipojaa kabisa, waliokuwa laivu kwa pamoja ni 47. Na mji ulioongoza ni Minneapolis, kule Marekani wanakoishi Wasomali wengi. Nawapenda ndugu zetu wa huko, lakini si wao watakaolala na huu mpango. Kwa miaka mingi Facebook ilihesabu sekunde 3 kuwa umetazama video. Sekunde 3, manze! Salamu ya Kisomali haijafika hata nusu.

Kesho yake jirani yangu akanichekesha na kuniumiza pamoja. "Mwanangu, tulikuwa wanawake tisa kwenye simu moja. Bando likaisha kabla hatujauliza. Na mbona saa nne asubuhi? Saa hiyo tuko foleni ya maji."

Tisa, na Facebook iliwahesabu mmoja.

Mkutano wa pili nikaomba uanze baada ya swala ya isha. Siku mbili kabla, nikakusanya maswali ya sauti kwa WhatsApp, kwa Kisomali. Kila kikundi kikanitumia idadi ya wanaosikiliza pamoja. Baadaye nikakata vipande vya dakika mbili, vyepesi kwa mtandao wetu mbovu.

Watazamaji wakashuka hadi 900. Lakini maswali 31 yalisomwa, 14 ya wanawake. Jirani yangu akafungua: "Nikipata kiwanja, karatasi itaandikwa jina la nani?" Ukumbi ukanyamaza. Afisa akasema atarudi na jibu.

Mnakumbuka Julai 5, 2024, Rais Ruto alipoingia X Space na Gen Z? Zaidi ya watu 100,000 walisikiliza. Ukiniuliza leo, nakumbuka jinsi alivyobanwa kwa maswali. Namba nimelazimika kuitafuta.

Kwa hivyo mkirusha mikutano ya kaunti zenu, hesabuni pia maswali, na yaliyojibiwa.

La jirani yangu nimelibandika juu ya ukurasa wangu. Afisa bado hajarudi. Akirudi nitarusha laivu, saa ambayo mama ametoka foleni.