Sarajevo, mji wenye saa kama ya kwetu

Msomaji wangu, wiki hii funga mkanda nikupeleke Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, kusini-mashariki mwa Ulaya.

Jioni ya kwanza nilisimama chini ya mnara wa saa, mji wa kale. Saa yangu ya mkononi ilikuwa mbili na nusu usiku, maana ilikuwa Juni na jua la kiangazi kule linachelewa kuzama. Ile ya mnara je? Mishale yote miwili juu, kwenye 12! Nikajua imekufa. Kumbe wapi! Wenzetu wameiandika ukutani ile hesabu tunayoisema sisi: jua likizama ni saa kumi na mbili, basi. Mnara wanauita sahat-kula. Umeisikia saa humo ndani? Sabuni kwao ni sapun, sanduku ni sanduk, na mgeni ni musafir. Nikajiona nimefika kwa wajomba.

Asubuhi nikaanza kuzunguka. Msikiti wa Gazi Husrev-beg ni wa 1531, enzi za Waturuki. Dakika chache tu, sinagogi la 1581 la Wayahudi waliofukuzwa Hispania. Siku hizi ni makumbusho. Geuka huku, kanisa la kale la Waorthodoksi. Nyoosha mbele, kanisa kuu la Wakatoliki, lililokamilika 1889 baada ya Waaustria kuutwaa mji. Barabarani kuna mstari: upande mmoja vibanda vya Kituruki, upande wa pili maghorofa ya Kiaustria. Ukiruka mstari umebadilisha dola!

Nikaingia kwa mzee mmoja mfua shaba. Mezani kwake, pembeni ya mabirika, maganda ya risasi yaliyonakshiwa maua. Nikamuuliza, kwa kile Kiingereza chetu sote wawili cha kuombea maji, kama bado wanaishi pamoja vile kama majengo yao.

Akavua miwani. "Majengo hayakimbii," akasema. "Watu walikimbia."

Mji huu ulizingirwa kuanzia 1992 hadi 1996, zaidi ya watu 10,000 wakafa. Agosti 1992 maktaba ya taifa ilipigwa mabomu ikateketea na vitabu vyake. Jengo lilifunguliwa upya 2014. Wengi waliohama hawakurudi. Penye lami palipodondoka mabomu yaliyoua watu, pamejazwa rangi nyekundu. Wanapaita mawaridi.

Nilitaka kununua ganda la risasi niwaonyeshe nyumbani. Mkono ukagoma. Nikachukua kibirika cha kahawa, mzee akanipunguzia bei bila kuombwa. "Musafir," akasema, akicheka.

Natoka nje, adhana na kengele vikapokezana. Wapita njia hawakugeuza hata shingo. Mimi nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho.