Joto Hutangulia Moto

Umeme nilijifunzia katika kiwanda cha mkonge wilayani Korogwe, miaka ya 1980, nikiwa kijana wa kubeba sanduku la spana la fundi mkuu. Mkonge uliletwa pwani ya Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na tangu hapo umelisha vizazi vya watu wa Korogwe, ukoo wangu ukiwemo. Kazi yote ya kiwanda ilitegemea korona, mashine inayokamua majani zikabaki singa. Mota ya korona ikiungua, wakataji wanarudi nyumbani, na majani yaliyokwisha kukatwa yanakaukia juani.

Sehemu niliyoiogopa zaidi ilikuwa chumba cha brashi. Singa zikisuguliwa hutoa vumbi jepesi linaloingia kila mahali. Hufunika mapezi ya mota, joto likakosa pa kutokea, na vumbi lenyewe hushika moto upesi. Fundi mkuu alinifundisha kuisikiliza beringi kwa bisibisi: ncha kwenye mashine, mpini sikioni. Alinifundisha kupima ganda la mota kwa mgongo wa kiganja. Kwa viungo vyenye umeme, ambavyo haviguswi, alifunga kipande cha mshumaa kwenye ncha ya fimbo ya kuhami, akakigusisha kwenye kiungo. Nta ikiyeyuka, kiungo kimelegea. Somo lake lilikuwa moja, nami nimeliishi mpaka leo: joto hutangulia moto, na fundi mzuri hulikuta njiani.

Kamera ya joto niliishika kwanza nilipohamia kazi ya ukaguzi wa mitambo. Kila kitu hutoa miale isiyoonekana kwa macho, na kinavyozidi kuwa cha moto ndivyo miale hiyo inavyozidi. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua mwaka 1800. Kamera huipokea kwa lenzi ya gerimani (germanium), kwa sababu kioo cha kawaida huizuia, kisha huigeuza kuwa picha ya rangi: penye baridi pana zambarau, penye joto pana manjano na weupe. Ukiwa umesimama mbali, bila kugusa waya na bila kuzima mashine, unaona kiungo kinachoteseka.

Kazi hiyo ilinipeleka sana Handeni. Handeni ni wilaya yenye kiu. Maji ya mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970, hutoka Mto Pangani upande wa Korogwe na kusukumwa kwa pampu za umeme hadi huko. Mahali kama hapo, mota ya pampu ikiungua, kina mama wanarudi kwenye malambo na ndoo zao, wakigombania maji na ng'ombe.

Siku moja nilikagua kituo kidogo cha kusukuma maji ya vijiji. Kijana msimamizi alinipokea vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pampu inakwendaje?"

"Haina tatizo, mzee. Tangu asubuhi inasukuma."

Nilifurahi kwamba inasukuma, maana kiungo hupimwa kikiwa na mzigo. Umeme ukipungua nusu, joto linalozaliwa kwenye kiungo hushuka hadi robo, na ubovu hujificha. Tulifungua mlango wa paneli, nikaelekeza kamera kwenye nyaya tatu zinazoingia kwenye swichi kubwa. Wa kwanza ulisoma nyuzi 46, wa tatu 48. Wa katikati ulisoma 93. Nyaya tatu zinazobeba mzigo sawa hutakiwa kuwa na joto linalokaribiana, na katika ukaguzi wetu tofauti ikipita nyuzi 15 ni ya kutengenezwa mara moja.

"Lazima tuzime," nilimwambia.

"Mzee, leo ni zamu ya vijiji viwili. Watu wamepanga ndoo tangu alfajiri."

"Tukizima sasa watasubiri kidogo. Tukiacha, watasubiri mpaka mota mpya ije kutoka Dar es Salaam."

Alizima. Bolti ilikuwa imelegea kwa mtetemo, lagi ya kuungia waya imegeuka nyeusi, na ganda la waya limekauka hadi likawa linavunjika kwa kucha. Tulikata sehemu iliyoungua, tukabana lagi mpya, tukakaza, tukawasha na kupima tena. Nyuzi 47. Vijiji vyote viwili vilipata maji jioni ile.

Kamera haifikirii badala ya mtu. Shaba inayong'aa huidanganya, isome baridi mahali penye moto, kwa hiyo tunabandika tepu nyeusi umeme ukiwa umezimwa, kisha tunapima juu ya tepu. Laini za nje hukaguliwa jua likishazama, kwa sababu mchana chuma chote kimepata moto, na upepo mkali hupoza kiungo kibovu kikaonekana kizima. Korogwe yetu ina laini nyingi, maana Hale ndiko kilikojengwa kituo cha umeme wa maji cha megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964. Vijana wanaofuata laini hizo wanahitaji mafunzo kama wanavyohitaji kifaa.

Matumizi ya kamera ya joto hayaishii kwenye umeme. Zimamoto wakiingia kwenye nyumba iliyojaa moshi, kamera huwaonyesha mtu aliyeanguka na mahali moto ulipojificha juu ya dari. Kule Maasai Mara, Kenya, mwaka 2016 WWF ilieleza jinsi kamera hizi zilivyowasaidia askari wa wanyamapori kukamata zaidi ya majangili 20 gizani. Jirani zetu wa Hifadhi ya Mkomazi, wenye faru weusi, wana sababu ya kujifunza hapo. Wakati wa korona ya ugonjwa, kamera za namna hii zilipima wasafiri kwenye viwanja vya ndege. Hapo pia ukweli usemwe: huona joto la ngozi tu, na mwenye homa lazima apimwe na mganga.

Sasa nimestaafu. Ombi langu kwa halmashauri za Handeni na Korogwe, kwa mashamba ya mkonge na kwa bodi za maji ni hili: nunueni kamera, hata moja ya kushirikiana, kagueni kila robo mwaka mitambo ikiwa na mzigo, na andikeni kila kipimo ili mwaka kesho mlinganishe. Nawe msomaji, soketi ya nyumbani ikiwa na joto au harufu ya kuungua, zima swichi kuu na umwite fundi. Moto ukishawaka, piga simu 114 ya zimamoto. Na fundi akisema mashine izimwe, izimeni.