Bunduki ya nkambo

Kwetu Katanga, muwindaji akikosa nyama, kwanza wanauliza bibi yake alifanya nini kule nyumbani. Nkambo mwanaume alikuwa na Mauser ya Ubelgiji ya 1889, ya risasi tano, ya aina ile ya Force Publique. Ikaanza kupiga kuume tu. Nkambo mwanamke akasemwa mwaka mzima.

Siku moja sisi wajukuu tukaifungua. Ile bomba ya chuma inayofunika mtutu, waliyoiweka ili mtutu usiguse mbao, ilikuwa imebonyea, inausukuma. Katikati yao kutu imejaa. Tuliinyoosha, tukatoa kutu, tukapaka mafuta, tukakaza visi. Risasi tatu zikaingia karibu karibu kwenye shina la muti.

Nkambo mwanamke alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyemwomba samahani.