Ulizia Pini Kabla ya Mashine

Methali isemayo "mchagua jembe si mkulima" niliwafundisha watoto kwa miaka mingi, na hata leo naiheshimu. Ilikusudiwa kumwumbua mvivu anayesingizia jembe. Lakini tangu nistaafu, kila niketipo kwenye karakana za maseremala hapa kwetu, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda upande wa Kyerwa, naona jambo ambalo methali hiyo haikuligusa. Jembe la mkono hata likiwa baya hulima kidogo. Mashine iliyochaguliwa vibaya hailimi kabisa, na aliyekopa ili ainunue hubaki na deni.

Mashine ninayoisema ni ile ya kupiga pini kwa nguvu ya upepo wa kompresa, ambayo mafundi huiita bunduki. Ziko aina mbili zinazotumika sana. Ya kwanza hupiga pini zenye miguu miwili, za kubana kitambaa kwenye fremu ya sofa. Ya pili hupiga misumari myembamba ambayo kichwa chake hakionekani kwa urahisi, ya kushikiza urembo wa mbao na migongo ya makabati. Zamani fundi sofa alijaza misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja na kuigonga kwa nyundo. Leo kijana hubana kifyatuo tu, na kiti kikavaa kitambaa kabla chai haijapoa.

Kijana mmoja niliyemfundisha shule ya msingi alitengeneza sofa kwa nyundo kwa muda mrefu. Yeye na wenzake wakapata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mkopo huo hauna riba, lakini marejesho yapo palepale. Akasafiri hadi mji wa mbali, akanunua bunduki ya bei nafuu na paketi chache za pini. Zilipokwisha, akazunguka maduka yetu ya vifaa. Pini zilikuwepo tele, ila si za bunduki yake.

Akaniletea vyote viwili, pini za dukani na ile moja ya mwisho iliyobaki, nimsomee maandishi. Tulizipima kwa rula juu ya meza yangu. Moja ilikuwa na upana wa karibu milimita 13 mgongoni, nyingine karibu milimita 11. Kwa macho zilifanana kama mapacha, lakini pini pana haiingii katika njia nyembamba, na pini nyembamba hulegea katika njia pana, ikajipinda na kukwama. Kwa miezi miwili kijana yule alirudi kwenye nyundo, huku akilipia mashine iliyolala rafuni.

Bunduki yenyewe haikuwa mbovu. Ndiyo maana nawaambia vijana: ulizia pini kabla ya mashine. Nenda kwenye maduka matatu ya mji wako, uone ni pini gani isiyokosekana, masika na kiangazi, kisha nunua bunduki inayokula pini hiyo. Namba za bunduki husaidia. Iliyoandikwa 8016 hutumia pini za aina ya 80, ile pana, zenye miguu isiyozidi milimita 16. Ya 1013J hutumia ile nyembamba, miguu isizidi milimita 13. Ya F30 ni ya misumari, na mrefu kabisa ni milimita 30. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa", mwombe aweke pini ndani na kuipiga kwenye kipande cha mbao mbele yako. Uliza pia kama pete za mpira za akiba zinapatikana, kwa kuwa hizo ndizo huchoka mapema na kuvujisha upepo.

Kompresa isikutishe. Kazi ya pini hula upepo kidogo kuliko kupuliza rangi, hivyo kompresa ndogo yaweza kutosha. Aliyekwisha kuwa na ya kupulizia vanishi huongeza bunduki na mpira tu. Usipite mgandamizo ulioandikwa kwenye bunduki. Anza chini, uongeze kidogo kidogo mpaka pini ilale sawa na mbao. Ikizama na kukata kitambaa, punguza.

Bunduki ya bei nafuu hudumu kwa anayeitunza. Asubuhi itilie matone mawili au matatu ya mafuta ya vifaa vya upepo mahali mpira unapoingia, isipokuwa ile ambayo mtengenezaji amesema haitaki mafuta. Jioni fungua koki iliyo chini ya tangi, maji yatoke. Kwetu kuna unyevu mwingi, hasa wakati wa mvua, na maji yanayobaki hula tangi kwa kutu na kuingia ndani ya bunduki.

Hapa sina budi kuwa mkali kama nilivyokuwa paredi ya asubuhi. Pini ikikwama, chomoa mpira wa upepo kwanza, ndipo ufungue mdomo wa bunduki. Vaa miwani ya kazi. Mkono unaoshika mbao usikae mbele wala nyuma ya njia ya msumari, kwani ukikutana na fundo la mbao hupinda na kutokea pembeni. Wala mtu asithubutu kuunganisha bunduki na mtungi wa oksijeni wa wachomelea vyuma. Hiyo yaweza kulipuka mkononi na kuua.

Jambo la mwisho lahusu uaminifu. Msumari wa bunduki ni mshikizi. Hushika mbao wakati gundi inakauka, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya ulimi na tundu. Kwenye mikaratusi mikavu hupinda hata kabla ya kuzama. Hata hivyo nimeona vitanda, na hata madawati, vilivyoungwa kwa misumari hiyo peke yake. Dukani vinang'aa. Baada ya muda mfupi mguu unacheza, na mama aliyeuza kahawa yake ili mwanawe alale kitandani anarudi kulalamika, au anyamaze na kumwendea fundi mwingine. Watoto wanne wakibanana kwenye dawati la namna hiyo, atakayeanguka hakuhusika na haraka ya fundi.

Nchi hii ilihubiri Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, nasi walimu tukawatia watoto majembe na randa mikononi. Siku hizi wengine wameshika mashine, nami nafurahi kuisikia sauti yake nikipita njiani. Fundi anayejua pini yake, anayemwaga maji jioni, na anayetoboa tundu la ulimi hata pale ambapo mteja hataliona, huyo atamaliza deni lake, na bunduki yake ya bei ndogo itamlisha.