Taa ya Njano Inawaka?

Mwaka 1998, katika kiwanda cha vinywaji kando ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, mashine ilianza kukosea hesabu. Katoni ya chupa 12 ilisukumiwa chupa 13, zikabanana, mkanda ukasimama. Fundi umeme wa zamu ya usiku, kijana wa miaka 26, ndiye aliyebebeshwa lawama.

Chanzo kilikuwa kihisi cha mwanga, au sensa kama mafundi wanavyoiita: kidude chenye ukubwa wa kiberiti kinachorusha mwali mwekundu hadi kwenye riflekta ng'ambo ya mkanda, kisha kuupokea ukirudi. Kitu kikiukatiza, ishara ya volti 24 inakwenda kwenye kompyuta ya mashine. Kwa chupa za kioo cha kahawia hakikuwahi kukosea. Lakini kiwanda kilikuwa kimeanza kujaza maji kwenye chupa za plastiki angavu, na mwanga ulizipenya. Chupa ilipita bila kuonekana.

Msaada ulikuwa wa faksi, kwa wakala wa ng'ambo. Siku ya nne likaja jibu la mstari mmoja: badilisheni kihisi. Kipya kilichukua wiki tatu kufika, kikafungwa, na kompyuta haikupokea chochote. Kilikuwa cha aina ya NPN, ambayo huunganisha waya mweusi wa ishara na upande hasi, ilhali mashine ilitaka PNP, ya upande chanya. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Faksi ya pili ilimwangukia mhandisi mwingine, naye hakutoa amri. Aliuliza: taa ya njano ya kihisi inawaka chupa ikipita? Riflekta iko umbali gani? Mwali unapiga sehemu gani ya chupa?

Fundi alichuchumaa kando ya mkanda, shati limelowa, akapitisha kiganja mbele ya kihisi cha zamani kilichorudishwa. Taa ikabadilika. Akapitisha chupa: taa ikacheza kidogo, ikarudi ilivyokuwa. Swali la tatu ndilo lililomfungua macho. Mwali ulikuwa unapiga tumbo la chupa, mahali paangavu kuliko pote, ilhali juu yake kulikuwa na kifuniko cha buluu kisichopitisha mwanga. Alilegeza skrubu mbili, akainua kihisi na riflekta hadi usawa wa vifuniko. Hesabu ikakaa sawa usiku ule ule, bila kununua hata waya.

Vihisi vyenyewe vilikuwa vimekwenda safari ndefu kabla ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mjerumani Erwin Sick alitengeneza pazia la mwanga la kukinga mikono ya wafanyakazi kwenye mashine. Vihisi vya zamani vilitegemea balbu ambazo mtikisiko uliziua. Zikaja LED, zinazopepesa maelfu ya mara kwa sekunde ili kipokezi kisichanganye mwanga wake na wa jua la dirishani. Leo vipo vinavyotuma taarifa kwa waya ule ule kwamba lenzi imechafuka.

Na msaada? Fundi yule sasa ana mvi. Mwaka jana alimtumia muuzaji wa vihisi video ya sekunde kumi kwa WhatsApp, na kabla chai haijapoa simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Taa ya njano inawaka kopo likipita?"

Swali ni lile lile la 1998. Kilichobadilika ni kwamba limeulizwa kwa Kiswahili, na binti aliye Nairobi, ndani ya nusu saa. Ila bahati hiyo ni ya wachache. Viwanda vingi vya ukanda huu bado vinajibiwa saa za ofisi za nchi nyingine, na kwa lugha ambayo fundi wa zamu huisoma kwa kukisia. Wauzaji wa vihisi walioko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, wekeni mtu wa kupokea simu saa nane za usiku, anayejua Kiswahili na anayeanza kwa kuuliza.