Saini ya Shefu wa Kartie

Kisima nilichokisimamia hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, nilikikabidhi kwa serikali ambayo haikujua kwamba imekabidhiwa kitu. Wakubwa wangu wa shirika ndio waliopitisha bajeti, lakini aliyechagua nani aitwe na nani aachwe ni mimi.

Ilikuwa 2019. Tangu Desemba 2017 watu wa eneo la Djugu walikuwa wakimiminika mjini wakikimbia mapanga, na si wote waliokwenda kambini. Wengi walipokelewa na ndugu, wakabanana chumba kimoja familia tatu, na chemchemi ya bondeni, ambayo vyoo vyote vya mlimani vinaielekea, ikawa na foleni ya mabidoni kabla ya jogoo kuwika. Juu ya hayo kulikuwa na Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 na kuleta fedha na magari mengi mpaka watu wakasema ugonjwa ule ni biashara. Shirika letu likapata fedha za kuchimba kisima kirefu chenye pampu ya jua, tangi na mabomba. Zisipotumika kabla ya tarehe iliyowekwa, zinarudi kwa mfadhili.

Njia ya kufuata niliijua: uanze komini, upite ofisi ya afya ya eneo, mradi uandikwe, fundi wa serikali ajulikane kwa jina. Niliiruka. Nilijiambia kwamba barua itapokelewa, itagongwa muhuri, italala, halafu atakuja karani kuuliza posho yake. Baadhi ya hayo ni kweli, na yeyote aliyewahi kungoja saini katika mji huu anaelewa. Lakini chini ya sababu hiyo kulikuwa na nyingine niliyoificha hata nafsini mwangu: niliamini kwamba wa ofisini wote ni wezi na sisi tunaopanda gari lenye antena ndefu ni wasafi. Nami ni mzaliwa wa hapa hapa, nina wajomba waliozeeka katika ofisi hizo hizo bila kujenga hata nyumba ya matofali ya kuchoma.

Basi nikaenda kwa shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, peke yake. Ofisi yake ilikuwa meza, daftari na bendera. Ndiye aliyetutafutia kiwanja, akapatanisha familia mbili zilizogombea mpaka, akawatuliza vijana waliotaka kazi yote ya vibarua iwe yao. Siku ya makabidhiano tulimpa kalamu. Akaishika bila kuandika, akaniuliza, “Mtoto yangu, hii mashini ikikufa, mi nitaitengeneza na nini?” Nikamjibu kwamba kamati ipo, itakusanya faranga kwa kila bidoni. Wageni kutoka Kinshasa walikuwa wakitazama saa kwa sababu ya ndege. Mzee akasaini, tukapiga picha.

Jibu la swali lake lilikuwamo katika sheria, na mimi nilikuwa sijaisoma. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu serikali za mitaa inavipa hadhi ya kujitegemea vyombo vinne: mji, komini, sekta na sheferi. Kartie haimo. Haina bajeti, haiwezi kumiliki mali kwa jina lake. Nilimtwisha mzee wa watu kifaa cha maelfu ya dola ambacho kisheria hakuweza hata kukipokea. Ni kweli kwamba komini nayo ni maskini. Katiba ya 2006 inasema mikoa ibaki na 40% ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake, na sheria inataka sehemu ishuke mpaka komini, ila mgao huo haujawahi kushuka inavyotakiwa. Lakini komini ina rejista, ina watu wa kuulizwa, inaweza kushtaki na kushtakiwa.

Kutoka serikalini nilikuwa na ahadi moja tu ya mdomo, ya afisa niliyekutana naye msibani, kwamba “tutaangalia”. Mei 2021 ukaja utawala wa dharura wa kijeshi, wanajeshi na polisi wakashika ofisi za gavana na meya, na ahadi ile ikaondoka na mwenyewe.

Kifaa kinachoongoza pampu kiliungua msimu wa radi. Sanduku la kamati lilikuwa na pesa za kununua koki. Nilikwenda komini nikiwa na nakala ya hati yangu ya makabidhiano, karani akaisoma mpaka chini, akaniuliza kwa adabu, “Papa, sisi tunaingia wapi humu?”

Mwishowe wafanyabiashara wa soko la jirani walichanga, wakaagiza kifaa Kampala. Siwalaumu. Waliweka mlango na kufuli, na bei ya bidoni ikapanda mara mbili. Komini ilikigundua kisima hicho watoza ushuru wake walipopita sokoni, na sasa inakitoza kila mwezi. Wakimbizi wa Djugu, ambao fedha ziliombwa kwa jina lao, wengi wamerudi kwenye chemchemi.

Katika ripoti ya mwisho niliandika kwamba kisima kimekabidhiwa kwa mamlaka za mitaa na uendelevu umehakikishwa. Kwa sentensi hiyo mkataba wangu uliongezwa. Mwaka jana nilimwandikia mfadhili kuisahihisha. Nilijibiwa kwa heshima kwamba faili la mradi lilishafungwa.