Chakula cha Kufungiwa Kabiria

Mgeni kutoka pwani afikaye Kabiria, pande za Riruta, magharibi ya Nairobi, hulakiwa kwanza na moshi. Jua likichwa, majiko ya makaa hupangwa kando ya barabara: viazi karai, chapati, mishikaki na mutura. Watokao kazini hawaketi kula. Husema, "Nifungie," wakashika njia ya nyumbani.

Tuwazurupo jamaa zetu huko, twasikia akina mama wakisutwa kwamba wameacha jiko. Arudiye kwa matatu saa mbili usiku, watoto wakimngoja, hastahili lawama hiyo. Kununua chakula si aibu. Kinachotupasa ni kujua tununuacho.

Mutura ni utumbo uliojazwa nyama na damu. Hata mnyama awe amechinjwa kisheria, damu imwagikayo ni haramu kwa nassi ya Qur'ani. Kwa hiyo kuuliza "Nani amechinja?" hakutoshi. Tuulize pia: wavu huu huchomewa nini kingine? Kisu ni kile kile? Muuzaji mwungwana hachukii kuulizwa. Na akijibu kwa shaka, tumshukuru, tupite.

Mtihani huu si wetu peke yetu. Waislamu wa Bosnia, nchi iliyotekwa na Waturuki wa Othmania mwaka 1463, wameishi karne nyingi ubavuni mwa majirani walao nguruwe. Chakula chao mashuhuri, ćevapi, ni nyama ya ng'ombe au ya kondoo iliyosagwa, ikafinyangwa mfano wa vidole, ikachomwa kwa makaa na kutiwa ndani ya mkate pamoja na kitunguu. Jina hilo ni ndugu wa kababu yetu. Wamekaa na wenzao bila kuiacha halali yao.

Limebaki moja. Chakula cha kufungiwa huja kila mtu na karatasi yake, na kila mtu na pembe yake. Masahaba walipomshtakia Mtume (S.A.W.) kuwa wanakula wasishibe, aliwaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu. Basi vifurushi na vifunguliwe juu ya sinia moja, kachumbari ikatwe, watoto waitwe, na jirani akumbukwe, awe Mwislamu au asiwe.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu. Amin.